Lami ya Safina, Lami ya Mji

Moshi mweusi unapanda nyuma ya madarasa. Chini yake, mwanamke mfupi aliyevaa viatu vya mpira vya mumewe anakoroga pipa la lami kama anayewapikia wageni anaowapenda. Ananusa, anatikisa kichwa, anaongeza konzi ya mchanga mwembamba. Watoto wa darasa la sita wamesimamishwa mbali, nyuma ya kamba.

"Msisogee," anawaambia. "Hii ikikubusu mara moja, unaikumbuka mpaka uzeeni."

Majirani wanamwita Mama Lami. Kazi yake ni kuziba mapaa yanayovuja. Alifundishwa na mjomba wake akiwa na miaka kumi na saba, na sasa ana hamsini na mbili.

Leo hazibi paa. Pembeni ya uwanja wa shule kuna bwawa la maji ya mvua, na ukingoni mwake imekaa mashua ya matete, ya duara kama kapu kubwa, aliyoipaka lami ndani na nje na kuiacha ikauke. Muda si mrefu mwalimu wa historia, ambaye watoto wanamwita Mwalimu Bonge wakidhani hajui, ataingia ndani yake mbele ya wazazi na majirani.

Ikielea, vyema. Ikizama, haitazama na mwalimu peke yake.

Msimu wa mvua uliopita, duka moja la nguo lilivuja siku chache baada ya Mama Lami kuliziba. Maji yalipitia kwenye ufa wa ukuta, na ufa huo alikuwa amemwonyesha mwenye duka kwa kidole. Lakini maneno yalishatoka, na maneno hayazibiki kwa brashi. Ikasemwa kwamba lami ya mama yule haishiki. Mwaka juzi aliziba mapaa ishirini na moja. Mwaka huu ameziba matatu, na moja ni la jengo anamokaa mwenyewe.

"La kwangu sikupunguziwa bei," anasema, na kucheka mpaka kikohozi kinamkatiza.

Habari ya mashua ilianzia kanisani. Jumapili moja lilisomwa somo la Nuhu, jinsi alivyoagizwa aipake safina lami ndani na nje. Mama Lami, ambaye kwa uchovu wa wiki huwa anasinzia kidogo, akafumbua macho. Jumapili nyingine likasomwa la wazao wa Nuhu waliofika kwenye uwanda, wakachoma matofali na kujenga mji, na badala ya chokaa wakatumia lami. Hapo akampiga kiwiko mumewe, ambaye ni fundi viatu.

"Ni wale wale," akamnong'oneza. "Wamebaki na lami ya safina."

Mumewe alimwomba anyamaze wasije wakatolewa nje. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani ni yeye aliyekuwa akiuliza. Mwishowe akamshauri amwulize mwalimu wa historia, kwa kuwa yeye elimu yake inaishia kwenye soli.

Wiki hiyo Mama Lami alikuwa juu ya paa la stoo ya shule, akamwita mwalimu kutoka huko huko juu na kumweleza. Mwalimu alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka, akamwomba ateremke. Alimletea kiti cha ofisini, na Mama Lami alipokataa kukikalia kwa sababu ya nguo zake, mwalimu alitandika gazeti ambalo alikuwa hajalisoma bado, akaagiza chai vikombe viwili.

Siku chache baadaye mwalimu alirudi na vitabu vya kuazima. Anasema alitaka kumwambia yote, hata yale yasiyopendeza. Katika lugha ya zamani ya maandiko hayo, masimulizi yale mawili hayatumii neno moja la lami, ni maneno mawili tofauti. Mama Lami aliposikia hivyo aliitazama mikono yake.

"Lakini kitu chenyewe?" akauliza.

Kuhusu kitu chenyewe mwalimu alikuwa na habari njema. Wachimbaji wa mabaki ya kale katika nchi za masimulizi hayo wamekuta lami kwenye vipande vya mashua za matete, na wameikuta pia katikati ya matofali ya miji ya mwanzo. Wamekuta vibao vya udongo vyenye hadithi ya mtu aliyeonywa ajenge chombo kabla maji hayajaja. Wamekuta hata orodha za wafalme zilizogawanya wakati sehemu mbili, kabla ya gharika na baada yake. Kama gharika ilikuwa moja, wataalamu hawajakubaliana, maana matabaka ya tope yaliyokutwa mji huu na mji ule hayana umri mmoja.

"Basi kila mji una gharika yake," Mama Lami akasema. "Kama sisi."

Akamsimulia mwaka ule mto ulipoingia kwenye jengo lao la ghorofa nne. Watu waliokaa miaka bila kusalimiana walibebeana magodoro kwenye ngazi. Mjane wa ghorofa ya tatu, ambaye watoto walikuwa wakimkimbia kwa ukali wake, aliwalaza watoto tisa sakafuni kwake na kuwafunika kwa mapazia yake. Maji yalipokwisha, walizoa tope pamoja, wakachimba mfereji, wakachagua mtu wa kushika ufunguo wa pampu, wakapangiana zamu za usafi. Zamu hizo hazijavunjika mpaka leo.

Mwalimu aliweka kitabu chini. Alimwambia kwamba wapo wataalamu wanaoamini miji ya kwanza ilianza hivyo hivyo: mito miwili iliyofurika, tope lenye rutuba, na watu waliolazimika kuchimba mifereji pamoja na kukubaliana nani afungue maji na lini.

"Kabla ya maji tulikuwa wapangaji tu," Mama Lami anasema sasa, akifuta jasho kwa kiwiko. "Maji ndiyo yaliyotufanya majirani."

Mwalimu alipoyapeleka hayo darasani, msichana mmoja aliuliza kama kweli matete na lami vinaweza kumbeba mtu. Akaongeza, kwa adabu zote, mtu kama mwalimu. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akajibu kwamba hata yeye, na kwamba lami ataipaka Mama Lami. Jioni hiyo Mama Lami hakula.

Sasa watu wamejaa kando ya bwawa, na mashua imeshushwa majini. Mwenye duka la nguo naye amefika, begani ana taulo jipya.

"Nimemletea mwalimu," anasema kwa sauti ya kusikika. "Usijali, Mama Lami, maji ni ya kiunoni."

"Ahsante, baba. Sijui umelikaushia wapi, na duka lako linavyovuja."

Watu wanacheka, na mwenye duka anajikuta anacheka nao.

Mwalimu anavua viatu, anamkabidhi fundi viatu saa yake, anaingia. Mashua inazama kiasi cha shubiri moja, inalalia upande. Mwalimu anasogea katikati. Mashua inanyooka. Wazazi wawili walioishika wanaiachia.

Inaelea. Ila kwa kuwa ni ya duara, kila mwalimu akipiga kasia inazunguka, mara anawatazama watu, mara anawapa mgongo. Watoto wamekaa chini kwa kucheka.

Mama Lami peke yake hacheki.

"Mwalimu, ndani kuna maji?"

Mwalimu anapapasa chini yake. "Pakavu."

"Papasa vizuri, pembeni kote."

Anapapasa tena, anainua kiganja juu wote wakione. "Mama, hata vumbi lipo."

Hapo Mama Lami anacheka, machozi yanamtoka. Mwenye duka anampa yeye lile taulo. Kisha, kwa sauti ya chini, anamwuliza ni lini anaweza kupita kuliangalia paa.

"Tuanze na ufa."

"Tuanze na ufa," mwenye duka anakubali.

Lami iliyobaki inaanza kuwa nzito, hivyo Mama Lami anarudi haraka kwenye pipa. Watoto wamechoma matofali yao madogo kwa ajili ya ukuta wa mji wa mfano wanaoujenga uwanjani, na kazi ya kuyagandisha ni yake. Akina mama watatu wamekwisha kumwomba awafundishe, na mwalimu mkuu amesema wanaweza kutumia uwanja huu Jumamosi. Anataka waanze kabla ya mvua zijazo.

"Mjomba alinifundisha bila kuniuliza kwa nini mwanamke," anasema, akipanga tofali la kwanza. "Mimi pia sitamwuliza mtu."

Kutoka bwawani sauti inamwita. Mwalimu bado anazunguka, kasia limemponyoka, na anataka kujua atashukaje.

Mama Lami haachi kukoroga.

"Subiri maji yakauke, Mwalimu," anamjibu. "Mwenzako Nuhu alisubiri."