Kibao Kisichotundikwa Popote

Mume wangu Machibya hakuwahi kuacha kibao bila jina lake. Ukipita Kirumba, hapa Mwanza, tazama kibao chochote cha miaka ile, cha saluni, cha bucha, cha duka la nyavu. Chini kabisa, mkono wa kulia, utakuta: Kazi ya Machibya, na namba ya sanduku la posta. Nilikuwa namtania kwamba atalipaka jeneza lake mwenyewe na kulitia sahihi. Hakucheka hata siku moja. Jina lile ndilo lililotuletea wateja, na kusema kweli watoto wetu walisoma kwa ile pembe ya chini.

Biashara zilipofunguliwa, kila mwenye chumba cha mbele alikigeuza duka, na kila duka likataka kibao. Machibya alipaka mpaka kucha zikawa na rangi za kudumu. Halafu, mwaka tisini na tisa, Iqbal akaleta intaneti. Familia yake ilikuwa ikiuza mashine za chapa karibu na posta tangu enzi za baba yake, na sasa yeye akaanza kuwatengenezea watu tovuti, kama zinavyoitwa siku hizi. Mashine aliijua, urembo hakuujua. Akamwita Machibya.

Mteja wa kwanza tulimpeleka sisi wenyewe. Wifi yangu Teodora, dada mkubwa wa Machibya, alikuwa mjane mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vitano kule Nansio, kisiwani ng'ambo ya ziwa, hatua chache kutoka gatini. Wanunuzi wa samaki waliokuwa wakilala kwake walikuwa wamehama. Shemeji zake, ndugu wa marehemu, wakaanza kusema kwamba nyumba tupu ni hasara, bora iwe ghala la dagaa. Walimpa mpaka mwisho wa mwaka. Machibya akamwambia, "Dada, usiwape funguo. Nitakuletea wageni mpaka wa Ulaya." Nilimkanyaga mguu chini ya meza, lakini alikuwa ameshasema.

Tukaenda kwa Iqbal.

"Kitatundikwa wapi?" Machibya aliuliza.

"Hakitundikwi popote, fundi. Kitakaa ndani ya mashine."

"Mashine ipi?"

"Zote."

Machibya akanitazama.

"Watu watakuwa wanatokea upande gani? Wa posta au wa sokoni?"

"Hawatokei popote. Mtu yuko kwake, amekaa, anasoma."

"Sasa kama yuko kwake amekaa, kibao cha nini?"

Iqbal alishika kichwa. Alieleza mambo ya nyaya na simu mpaka chai ikapoa, na kadiri alivyoeleza ndivyo tulivyozidi kupotea. Mwishoni akasema, "Fundi, wewe chora tu. Mgeni akiona, aelewe upesi." Hilo Machibya alilielewa. Maisha yake yote alikuwa akiwaandikia watu wanaopita kwa baiskeli.

Alichora kwenye ubao mlaini, kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kumwona akifanya: mbingu pana, ziwa, nyumba ya bluu ya Teodora, jina lake kwa herufi nyekundu zenye kivuli. Iqbal akaupiga picha na kuutia mashineni mzima mzima. Kisha akauliza anwani ya barua pepe iwekwe ya nani.

"Yangu," Machibya akasema. "Pale pale chini, mkono wa kulia, inapokaa siku zote."

Iqbal akadhani ndugu wamepatana barua za wageni zipitie kwake. Akamfungulia sanduku kwa jina lake, na mambo yakaishia hapo.

Miezi ikapita. Kila meli ya Nansio ilileta salamu za Teodora, na kila salamu iliishia na swali lile lile: wageni wako wapi? Machibya alikuwa akimuuliza Iqbal, Iqbal anatazama sanduku lake mwenyewe, akidhani lile la Machibya tunalifungua wenyewe, hakuna kitu. Mume wangu akaanza kukosa usingizi. Aliamini amekosea rangi. Mara aseme nyekundu imezidi, mara aseme labda Ulaya kibao husomwa kuanzia chini.

Siku moja Iqbal akiwa safarini Dar, karani wake Nasma akatuita. "Fundi, hujawahi kufungua sanduku lako? Limejaa."

Alituchapia barua zote. Zilikuwa za Kiingereza. Tulizikalia mezani na kamusi na Kiingereza chetu cha darasa la saba. Watu wa nchi mbalimbali waliisifu picha na kutaka vyumba. Machibya akavimba. Tangu aanze kazi, aliyeandika kwa anwani ile alitaka kupakiwa rangi, basi na hawa aliwaelewa hivyo hivyo.

"Wananiita Ulaya nikapake vyumba," akasema. "Mbali mno. Hawa waache."

Barua ya mwisho ilikuwa tofauti. Waholanzi wanne walikuwa wanakuja wenyewe Mwanza, kwa treni, Jumamosi. Walitaka vyumba viwili, vyenye ziwa. Kazi hiyo ilikuwa wazi kabisa, maana miaka ile kila baa ilitaka ziwa lichorwe ukutani. Machibya akamwambia Nasma ajibu: nitawapokea stesheni, rangi ninayo. Nasma akaandika alichoambiwa, kama walivyomfundisha chuo cha uhazili.

Jumamosi tulikuwa stesheni na ngazi, makopo na brashi. Wazungu wakashuka, wazee wenye mabegi ya mgongoni, wakampa mkono Machibya kwa furaha. Kisha wakaitazama ngazi.

Kiingereza chao na chetu vililingana kwa ubovu. Machibya akanyoosha mkono, maana yake tangulieni mnionyeshe nyumba. Wao wakanyoosha mikono, maana yake tangulia wewe. Tukaanza kutembea, kila mmoja akimfuata mwenzake, mpaka tukarudi pale pale tulipoanzia. Wapagazi wakaacha kazi kututazama. Niliona aibu, nikatamani kumtupia kopo la rangi.

Ndipo bibi mmoja akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa picha ya Machibya, imechapwa. Akaonyesha nyumba ya bluu, akalaza shavu kwenye kiganja na kufumba macho, kisha akaonyesha jina la mume wangu pale pembeni.

Machibya akakaa juu ya kopo.

"Mama Shimba," akaniambia taratibu, "zile barua nyingine."

Nilikuwa nimezikumbuka kabla yake.

Tuliwahi meli ya mchana. Teodora alikuwa uani, na harufu ya dagaa tuliisikia tangu getini. Vyumba vitatu vilikuwa na magunia hadi dirishani.

"Shikamoo dada," Machibya akasema.

"Marahaba." Aliwatazama wageni mmoja mmoja, kisha akatoa funguo mbili alizozifunga kwenye pindo la khanga. "Mwaka ulipoisha walichukua vitatu. Hivi viwili nikawakatalia. Niliwaambia mdogo wangu amesema wageni wanakuja."

Niliumia kusikia hivyo. Ningeweza kunyamaza, lakini Machibya hakunyamaza. Alimweleza yote pale pale, magunia yakinuka: kwamba wengine waliandika, wengi, na barua zilikuja kwake, na yeye akaziweka kando akidhani wanamtaka yeye. Teodora alisikiliza bila kumkatiza. Akauliza jambo moja tu.

"Waliandika lini?"

"Tangu masika."

Masika vyumba vyote vitano vilikuwa bado vyake. Teodora akageuka, akaenda kuwatandikia wageni vitanda.

Asubuhi nilimkuta Machibya mbele ya nyumba, kwenye kibao cha ukutani alichompakia dada yake miaka mingi nyuma. Alikuwa amechovya brashi kwenye rangi ya bluu na kulifuta jina lake pembeni. Mahali pake aliandika: Teodora, Nansio. Aliniambia Iqbal atafanya vivyo hivyo kwenye kile cha mashine, na barua zitakazokuja zitachapwa, naye Machibya mwenyewe atazileta hapa Nansio kwa meli.

"Na wewe utajulikanaje?" nikamuuliza.

Alirudi nyuma akakitazama kibao, kama anavyofanya siku zote akimaliza.

"Hata sijui," akasema, akaanza kusafisha brashi.