Leo nimemwita mama chungu cha kupikia

Leo nimemwita mama yangu chungu cha kupikia mbele ya darasa zima.

Tumeanza Lugha ya Alama, somo jipya litakalokuwa na mtihani kidato cha nne. Mwalimu, ambaye ni kiziwi kama mama, akanitaka nimtambulishe mama.

Nikazungusha viganja kama anayefinyanga. Nyumbani ndivyo tunavyomwita mama kwa alama, kwa kuwa ni mfinyanzi.

"Jamani, mama yako ni chungu?" Ambakisye, mwanafunzi mwenzangu, akacheka.

Nilitamani kuzama ziwani.

Mwalimu akanionyesha alama ya "mama" inayotakiwa kwenye mtihani. Jioni nikamfundisha mama.

Akaijaribu. Akatikisa kichwa, akafinyanga chungu chake hewani. Kisha akaninyooshea kidole na kufungua viganja kama kitabu.

Hilo ndilo jina langu la nyumbani. Silibadilishi, hata kwa mtihani.

Nyie mama zenu wanawaitaje?