Propela Niliyoisahihisha

Nalisema bila kuona haya: mwaka 2013, mimi mwalimu wa hesabu Kasulu, nilinunua boti kuukuu ya injini mbili na kuiweka uani, mbali kabisa na ziwa. Mama Neema, mke wangu, alitoa sharti moja.

"Isipotembea siku ya kwanza, unaiuza."

Nikakubali. Miezi minane nilikarabati, kila hatua nikiiandika daftarini. Siku moja niliona mapanga ya propela ya kushoto yamepinda kinyume na yale ya kulia. Nikamcheka aliyeniuzia kwa uzembe wake, nikaagiza nyingine, zote mbili zikafanana.

Tuliishusha ziwani Kigoma, mke wangu na walimu wenzangu wakitazama kutoka ufukweni. Nikawasha injini zote na kuingiza gia. Boti ikaanza kuzunguka palepale kama kuku aliyekatwa kichwa.

"Mwalimu, ulibadilisha propela?" fundi mmoja wa boti alipaza sauti.

"Niliisahihisha!"

Fundi akashika kiuno. "Hizo injini zimeundwa kila moja izunguke kinyume cha mwenzake, ndipo boti inyooke! Sasa moja inakusukuma mbele, nyingine inakurudisha nyuma!"

Walimu walicheka mpaka wakakaa mchangani. Mwalimu wa historia akauliza kama na mitihani huwa nasahihisha hivyo.

"Baba Neema, tafuta mteja," mke wangu akasema.

Nikazima injini ya kushoto. Boti ikaenda mbele, upande upande, lakini ikaenda.

"Sharti lilikuwa itembee," nikamjibu kwa sauti, wote wasikie. "Hukusema kwa injini ngapi."