Chupa ya Mgeni

“Mimi siuzi chupa, nafungisha ndoa,” Pua alitangaza mbele ya duka zima, siku ya mwisho wa mwezi, foleni imefika mlangoni. “Na katika ndoa zangu zote, hakuna hata moja iliyorudi kudai talaka.”

Watu walicheka, na bwana mmoja aliyekuja kununua maji ya kunywa akaondoka na chupa ya mvinyo wa poti. Ndivyo Pua alivyokuwa. Jina hilo alipewa kwa sababu ya kunusa kila kitu kabla ya kukionja, na pia kwa sababu Mungu hakumfanyia ubahili kwenye kiungo hicho.

Rafu yake ilikuwa ile ya mwisho, karibu na jokofu linalokoroma, yenye mivinyo mizito: ile inayoongezewa pombe kali wakati wa kutengenezwa, ikatoka na nguvu ya kumkalisha chini mtu aliyedhani anakunywa juisi ya zabibu. Wenzake waliikwepa rafu hiyo kwa sababu haikuwa na wateja wengi. Pua aliigeuza mimbari. Poti nyekundu changa, alihubiri, ni kandambili: ya kila siku, haina makuu, ukiifunga vizuri inakaa wiki kadhaa bila kununa. Poti iliyozeekea pipani, ile ya rangi ya kahawia, ni ya Jumapili na ya kumkaribisha mkwe. Sheri kavu, ile isiyo na utamu, nyeupe kama maji ya mchele, ni bibi harusi: inataka baridi, inataka kuharakishwa, na ukiifungua leo ukaisahau mezani, keshokutwa haikujui. Madeira ndiyo sugu. Ilishachomwa na joto tangu utotoni, hakuna utakachoifanyia ikashtuka.

Yote hayo yalikuwa kweli. Taabu ya Pua haikuwa kukosa elimu ya chupa.

Taabu ilianzia kwa Dada.

Dada alikuwa fundi cherehani, dada yake wa tumbo moja, aliyemtangulia kwa miaka ya kutosha kumbeba mgongoni huku anapinda suruali za watu. Ada ya shule ya Pua ilitoka kwenye zipu na vifungo. Kila jioni, akishafunika cherehani na kufagia vipande vya vitambaa, Dada alikuwa anaingia jikoni, anavua futi kamba shingoni, na kujimiminia nusu bilauri ya poti nyekundu, ile ya bei nafuu yenye kizibo cha kuzungusha. Nusu, siyo zaidi. Chupa moja ilimfikisha mbali. Pua akitoka kazini alipita kwake, akavuta kigoda, na Dada bila kuuliza akateremsha bilauri ya pili. Hapo ndipo habari za siku zilipokuwa zinasemwa: mteja aliyenenepa akamlaumu fundi, tajiri wa duka aliyejifungia stoo kwa bahati mbaya. Dada alicheka mpaka akashika ubavu. Hakuna mtu aliyewahi kumsikiliza Pua namna ile, na wateja wa foleni hawakufika hata robo.

Basi Dada akatimiza miaka thelathini ya cherehani, na majirani wakamfanyia tafrija ndogo pale pale kwenye chumba cha kazi. Meza ya kukatia vitambaa ikawa meza ya vinywaji. Walikuja wateja wake, wake kwa waume, wamevaa nguo alizoshona mwenyewe, kwa hiyo alikuwa anawatazama mishono badala ya nyuso. Jirani wa ukuta wa pili, mama mmoja mpole, alileta zawadi: chupa ya ile poti ya kila jioni, imefungwa utepe mwekundu.

Pua akaingia na yake. Sheri kavu nyeupe, ya thamani, imelala kwenye barafu. Alipoiona ile ya utepe, akainyanyua juu, akasoma lebo kwa sauti ya hakimu.

“Jamani, hii nani kaleta kwenye sherehe?” akasema. “Hii ni ya kupikia. Na hata keki ukiimwagia hii, keki inakwenda kushtaki.”

Chumba kikavunjika mbavu. Jirani mpole naye akacheka, ila alikuwa anatazama viatu vyake. Dada alicheka pia. Akaipokea ile chupa kwa mikono miwili, akaisukuma chini ya meza, kwenye kapu la mabaki ya vitambaa, kama mtu anayeficha mtoto aliyejikojolea mbele za wageni. Kisha Pua akamimina yake na kutoa mhadhara. Watu wakaonja na kukunja sura, kila mmoja akimchungulia mwenzake aone kama ni yeye peke yake asiyefahamu uzuri. Dada akaimeza kama dawa ya minyoo.

“Nzuri,” akasema. “Ya wasomi.”

Pua alirudi kwake siku hiyo akitembea kwa madaha. Wiki iliyofuata, kwa moto ule ule, akamshawishi tajiri aache kuagiza ile poti ya kizibo cha kuzungusha, kwamba inalitia duka aibu. Tajiri, ambaye mvinyo kwake ni mvinyo alimradi unatoka, akakubali.

Mabadiliko kwa Dada hayakuja na kelele, ndiyo maana Pua hakuyasikia. Alipopita jioni, akakuta bilauri hazipo. Dada akamwambia ameacha tu, mwili hautaki. Pua akampongeza. Baadaye kidogo akawa anakaribishwa sebuleni, kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, badala ya kigoda cha jikoni. Analetewa chai kwenye sinia. Anaulizwa kazi inaendeleaje, naye anajibu inaendelea vizuri. Habari za mteja aliyenenepa zikaisha. Pua akadhani ni uzee, au uchovu, au kwamba watu wazima ndivyo wanavyoishi. Akaanza kupita mara moja kwa wiki, halafu mara moja kwa mwezi, halafu kwa simu.

Siku moja, miaka miwili baada ya tafrija, wanahamisha stoo, likatokea kasha la ile poti iliyofukuzwa, limebaki na chupa moja. Tajiri akasema itupwe au inywewe, vyovyote. Pua akajimiminia kwenye kikombe cha plastiki, kwa nia ya kuisema vibaya. Akanusa, kama kawaida yake.

Ilikuwa tamu, nene, haina siri. Ilinukia jikoni kwa Dada, ilinukia mafuta ya cherehani na kicheko. Haikuwa mbaya. Haikuwahi kuwa mbaya. Yeye mwenyewe alikuwa ameinywa miaka nenda rudi bila kukunja sura. Na kwa sheria zake mwenyewe, zile za mimbarini, ilikuwa ndiyo hasa chupa ya mwanamke anayekunywa nusu bilauri na kufunga kizibo mpaka kesho. Sheri ile kavu ndiyo iliyokuwa ndoa ya kulazimisha. Hakumchagulia Dada siku ile. Aliwachagulia watazamaji.

Akazungusha kizibo, akaitia chupa kwenye mfuko, akaaga mapema. Alijua anachotaka: kigoda chake. Njia nzima alikuwa anapanga maneno, yeye ambaye siku zote maneno yalikuwa yanajipanga yenyewe mdomoni.

Dada alimfungulia mlango akiwa na pini mdomoni. Akazitoa haraka.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba. Mgeni wetu huyo, karibu sana. Pita sebuleni.”

“Jikoni panatosha, dada.”

“Jikoni pachafu. Pita, bwana.”

Akapita. Mfuko akauweka chini, katikati ya miguu. Kabla hajafungua mdomo, Dada alikuwa ameingia jikoni, akapanda kiti, akateremsha kitu kutoka juu ya kabati, pale juu ya jiko, mahali moto wa kupikia unapopiga kila siku. Akakipangusa kwa pindo la gauni. Sheri kavu nyeupe. Lebo ile ile ya siku ya tafrija.

“Hii niliitafuta baada ya sherehe yangu,” akasema. “Nikasema mdogo wangu akija tena asione haya kwangu. Lakini ukawa unakuja mbio mbio, chai tu. Leo utakaa.”

Alimmiminia yeye peke yake, mpaka juu. Ilitakiwa kuwa nyeupe. Ilitoka rangi ya chai ya jana. Pua hakuhitaji kunusa. Joto la miaka miwili ya maharage na maji ya kuoga lilikuwa limeimaliza kabla hata kizibo hakijafunguliwa. Dada alisimama mbele yake, mikono kwenye futi kamba, anamtazama mdomo kama watu wanavyomtazama daktari anayesoma majibu.

“Niambie ukweli. Nimechagua sawa?”

Pua akanywa. Ilikuwa na ladha ya kadibodi iliyonyeshewa.

“Sawa kabisa, dada. Hata mimi nisingechagua vizuri hivi.”

Dada akashusha pumzi, akakaa. Pua akamwomba achukue bilauri yake, wanywe wote. Akakataa kwa kutikisa kichwa: yeye ataiharibu bure, mdomo wake ulishazoea vya kupikia. Alilisema bila kisu ndani yake, kama mtu anayetaja saizi ya kiatu. Kuutoa ule mfuko sasa kungekuwa kumwambia kwamba na hii nayo amekosea. Akausukuma kwa kisigino mpaka chini ya kochi, akanyanyua bilauri, akanywa tena, akasifu tena. Dada akaenda kupiga pasi, kwa kuwa kuna mteja atapitia suruali yake.

Pua akaigeuza chupa. Kibandiko cha bei kilikuwa bado kipo kitakoni: elfu tisini na sita. Kupinda suruali, kwa Dada, ni elfu mbili.