Mursik Ndani ya Kombe

Jana sokoni mwanamke alifungua kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, mbele yangu. Harufu ya mkaa na maziwa makali ikanijaa puani, hamu ikaniisha. Sikununua.

Nilipokuwa mtoto, mama alibeba kibuyu kama hicho uwanjani siku timu ya shamba letu la chai iliposhinda fainali. Kwetu bingwa hupokelewa kwa mursik, na mama alikuwa ameyaweka maziwa hayo tangu nusu fainali bila kuturuhusu hata kuonja. Kipa, jirani yetu wa pale laini, kwenye nyumba za wachuma chai, alimnyooshea kombe. Mama akalijaza huku wanawake wenzake wakipiga vigelegele.

Kipa hakuwahi kumeza. Karani wa meneja alimpokonya kombe mdomoni, akamwaga yote kwenye nyasi.

"Mama, hii kombe ni ya kampuni," alisema. "Si sufuria ya huko kwenu laini."

Ati ya kampuni, kana kwamba kampuni ndiyo iliyodaka penalti ya mwisho. Alilipangusa kwa kitambaa, ndani na nje, akampelekea meneja aliyekuwa akisubiri garini, vioo vimefungwa. Lilikwenda kukaa kwenye kabati la klabu ya mameneja, ambako sisi hatukuruhusiwa kukanyaga.

Wachezaji waliinamisha vichwa. Gari lilipoanza kuondoka, mama alifunika kibuyu kitupu, akanishika bega.

"Piga makofi," akaninong'oneza. "Meneja anatuangalia."

Nikapiga makofi, miguu yangu peku imelowa maziwa.