Nilifunga turbo kubwa kwenye gari ninayopandia Mwika, Mama akaishiwa pumzi ikiwa mtaroni

Wakuu salama?

Ninachoandika leo kinanichoresha mwenyewe. Kwa hiyo anayetaka kuja na neno "chai" ajiulize kwanza, nani anakaa chini kujitungia aibu yake?

Mimi ni kijana wa Moshi, nakaa Rau, natengeneza simu na TV mjini. Ufundi wa magari sijasomea popote. Nimejifunza kwa kufungua, kuharibu na kufunga tena. Na kwa kusoma nyuzi za humu humu, mnaojijua mnajijua.

Gari yangu ni sedan ya Kijapani, two litre, manual, imekuja na turbo ya kiwandani (kile kifeni kinachosukumia injini hewa ipate nguvu), ina lile tundu juu ya boneti. Sitaji brand. Nawajua, mtaanza ligi na uzi utafia hapo.

Sina nyingine. Ndio ya kazini, ndio ya sokoni, ndio ya kupandia nyumbani Mwika.

Sasa Mwika yuko Mama. Anaishi peke yake tangu Mzee afariki, na ana pumu.

Kuna ile ya kawaida, anavuta pampu, inapita. Na kuna ile nyingine ambayo pampu inagoma. Hiyo daktari alishatuambia, msikae mnaangaliana, mleteni haraka awekewe oksijeni.

Nilimwambia Mama, "Ukibanwa usihangaike na majirani. Nipigie mimi. Hii gari ndio ambulance yako."

Shikeni hapo.

Mwaka huu nikapata ugonjwa wa namba. Kila nikifungua simu ni video za watu na horsepower zao. Turbo yangu ya kiwandani nikaanza kuiona kama kikombe cha mtoto.

Nikapata moja used, kubwa kweli. Nikaprint compressor map yake, ule mchoro unaoonyesha turbo inafanya kazi vizuri wapi. Nikakaa na kalamu nyekundu, nikachora mistari, namba ya juu kabisa ikaangukia pazuri. Nikafurahi kama nimefaulu mtihani.

Chini ya rpm 4,500, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, sikuchora kitu. Sikuona hata haja.

Nikaibeba kwa Eli.

Eli ni fundi, gereji yake iko hapo hapo Rau. Kanizidi miaka kama minane. Ndiye aliyenionyesha jinsi ya kusikiliza injini kwa bisibisi sikioni. Yeye mwenyewe anatembelea kirikuu, kale ka-pickup kadogo ka kubebea mizigo, kana matope toka Krismasi.

Na mjue kitu kimoja, mimi kwa watu wangu sina breki. Kuna jamaa aliwahi kumuita Eli "fundi wa kubahatisha" mbele yangu. Nilimkunja shati mpaka vifungo viwili vikaruka.

Eli akaishika ile turbo, akaizungusha kwa kidole, akaangalia karatasi yangu.

"Meku, taja barabara."

"Barabara gani?"

"Ya kuendeshea hii kitu. Nitajie moja tu, utakayokaa juu ya elfu nne na nusu bila kukutana na tuta, ng'ombe wala trafiki."

Nikakosa.

Akasema, "Turbo ni nzuri, siikatai. Ila kubwa hivi inachelewa kuamka, na wewe unaishi kwenye elfu mbili. Na Mama yako anaishi juu ya mlima, huko hewa yenyewe ni nyepesi, itachelewa zaidi. Mimi siifungi."

Wakuu, ilikuwa mbele ya wateja wake wanne. Damu ikapanda.

Nikamwambia, "We ni fundi wa kirikuu. Mambo ya gari za maana utayajulia wapi?"

Wateja wote wanne wakageuka.

Eli akafuta mikono na kitambaa. "Sawa," akasema. Basi. Akarudi chini ya gari aliyokuwa anatengeneza.

Nikaifunga mwenyewe uani, siku tatu, na tuning, kupanga upya kompyuta ya injini, nikafanya mwenyewe kwa laptop. Ikawaka. Sauti yake, wakuu, acheni tu. Ule mluzi nilikuwa nazima redio niusikilize.

Siku ya kwanza nikajua.

Moshi mjini kabla mshale wa rpm haujafika panapotakiwa umeshafika kwenye tuta. Unakanyaga, hakuna kitu. Unasubiri, hakuna kitu. Bodaboda zinakupita, na mmoja alinigeukia akanipungia mkono kama ananiaga.

Halafu ikikubali inakubali yote kwa mkupuo, kama mtu kakusukuma mgongoni ukiwa umesimama ukingoni.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Wa kumwambia nilishamtukana.

Ila kuanzia hapo simu ikiita nashtuka. Naangalia jina kwanza. Nikiona sio Mama, napumua. Usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Kila nikiipita ile gari uani nawaza, hii kitu ikiitwa itafika?

Wiki ya pili, Jumamosi, saa nane mchana, mvua za masika. Simu ikaita.

Mama.

"Uje," akasema. Akavuta hewa, nikasikia filimbi kifuani kwake kupitia simu. "Uje... ila usikimbize."

Mama yangu akisema uje, ujue ameshavuta pampu mpaka imemchosha.

Nikatoka. Moshi mpaka Himo ni lami, nikaenda. Nikaanza kupanda, na hapo ndipo jasho lilipoanza.

Mbele yangu kulikuwa na fuso la ndizi linatambaa. Nikaona nafasi, nikatoka kulipita, nikakanyaga. Hakuna kitu. Niko ubavuni mwa fuso, naona ndizi tu dirishani, mguu umefika chini kabisa na gari inafikiria. Basi likatokea kwenye kona linashuka, taa zote zinawaka.

Nikarudi nyuma ya fuso. Sijui nilirudije.

Na gari hii hii, ikiwa na turbo yake ndogo ya zamani, lile fuso ningelipita gia ya tatu huku naongea na simu.

Nikalifuata lile fuso nyuma, mdogo mdogo, nahesabu dakika. Nikajaribu kumpigia Mama. Ikaita mpaka ikakata.

Kutoka lami kwenda kwetu ni barabara ya udongo, ina kilima kimoja kikali kinapita kati ya migomba. Kulia kuna mfongo, ule mtaro wa maji wa tangu enzi za mababu. Siku hiyo ulikuwa umejaa.

Nikaingia kilima na gia ya kwanza. Katikati injini ikaanza kukohoa, haina nguvu. Nikazima, nikawasha. Nikapandisha rpm juu, nikaachia clutch.

Ikakubali.

Matairi yote manne yakala matope kwa wakati mmoja, nyuma ikahama, nikaona mgomba, nikaona anga, halafu kishindo. Upande wa kulia wote ndani ya mfongo. Maji yakaanza kuingia kwa chini ya mlango.

Mama mmoja alikuwa anapita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Akasimama, akaniangalia ninavyotoka kwa mlango wa abiria.

"Mwanangu, na hilo gari la kelele ndio ulikuja nalo?"

Nilikimbia.

Nilimkuta Mama amekaa kwenye kigoda mlangoni, ameinama mbele, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka. Ameshavaa kitenge kizuri cha kwendea hospitali. Pochi iko mapajani. Alikuwa ananisubiri mimi.

Akaangalia nyuma yangu, akitafuta gari.

Wakuu, ile kuangalia. Mimi hiyo ndio naiota mpaka leo.

(Kuna mtu nimemuona hapo chini anauliza kwa nini sikuita bodaboda. We ndugu, umewahi kumpakiza mtu asiyepumua kwenye pikipiki, mvua ya masika, mteremko wa matope? Jirani mwenye gari nilishampigia, alikuwa mbali, Tarakea. Tuheshimiane.)

Nikabaki na jina moja tu. Eli kwao ni Mamba, pua na mdomo na Mwika, na kila Jumamosi anapanda kuona wazazi wake.

Siku kumi na tatu hatujaongea. Nikapiga. Nilijua hatapokea, na ningekuwa mimi nisingepokea.

Akapokea mlio wa pili.

"Eli, Mama kabanwa, na gari..."

"Uko kwenu?"

"Ndio."

Akakata.

Sijui ni dakika ngapi. Nilikuwa nimepiga magoti nampepea Mama na kanga, namwambia, "Vuta Mama, toa, vuta, toa," na mimi mwenyewe nimesahau kupumua. Kucha zake zilikuwa zinabadilika rangi.

Halafu nikasikia kale ka-injini kadogo kanakuja. Kanalia kama cherehani, lakini kanakuja. Kile kilima kilichonitupa mtaroni kalikipanda bila hata kubadilisha sauti.

Eli akashuka, akamwambia, "Shikamoo Mama," kama vile amekuja kunywa chai. Mama akamwinulia kidole kimoja, marahaba ya mtu asiye na pumzi. Tukambeba mbele.

Mimi nikapanda nyuma kwenye bodi, juu ya mikungu ya ndizi, mvua yote yangu.

Kirikuu ina kadirisha kadogo nyuma ya kiti. Njia nzima nilikuwa nimebandika uso pale naangalia mabega ya Mama. Yakipanda, nasubiri yashuke. Yakishuka, nasubiri yapande. Kuna mahali kabla ya Himo yalichelewa. Nikapiga kioo kwa ngumi kama kichaa.

Eli hakugeuka. Akaweka mkono mmoja mgongoni kwa Mama, mwingine kwenye usukani, akaendelea.

Tulifika hospitali. Wakampokea, oksijeni, mashine ya mvuke, sindano. Baada ya muda Mama akafungua macho akauliza kama kuku wamefungiwa.

Nikatoka nje kumshukuru Eli. Alikuwa anashusha ndizi zilizopondeka nilizokuwa nimezikalia.

"Gari utaenda kuitoa kesho," akasema. Akawasha kirikuu, akaondoka. Hakuniangalia usoni.

Sasa sehemu ya aibu.

Nilimtumia meseji za kuomba msamaha, ndefu. Tiki zikawa bluu, kimya. Nikapeleka soda gereji, wakanywa wenzake.

Nikakumbuka, sisi Wachagga tuna sale. Lile jani, unalipiga fundo, unampelekea uliyemkosea. Ukilileta sale, mtu hata awe na hasira kiasi gani, lazima akusikilize. Nikasema hii ndio yenyewe.

Mimi mtoto wa mjini. Kuna benki moja, nje wana vyungu vya maua, nikaona majani marefu ya kijani, nikachuma moja. Nikalipiga fundo, nikaenda.

Eli akalipokea. Akaligeuza. Lilikuwa na mistari ya njano pembeni.

"Meku, hili umelichuma wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kwenu ni benki?"

Gereji ikaanguka kwa kicheko. Mmoja akasema, "Msamaha wa mkopo huo." Masikio yalinichoma, ngumi ikajikunja yenyewe. Mara ya kwanza maishani mwangu nikaifungua.

Nikampigia Mama, alikuwa ameshatoka hospitali. Akacheka mpaka nikaogopa atabanwa tena. Akasema, "Sale haichumwi kwenye chungu. Nenda mpakani mwa kihamba, alipolala baba yako. Na ukifika muombe yeye kwanza, maana umedanganya ni la nyumbani."

Nikapanda Mwika kwa gari za abiria. Nikasimama pale mpakani mwa shamba letu la ukoo, kwenye kaburi la Mzee. Niliyomwambia sitayaandika humu.

Nikarudi na jani la kweli. Nikasubiri wateja wawepo, nikahesabu wanne, maana matusi nilitukana mbele ya wanne. Nikampa kwa mikono miwili.

"Nilikuita fundi wa kirikuu," nikasema. "Kirikuu ndio imemleta Mama yangu."

Eli akalishika lile fundo. Akaenda akalichomeka kwenye dashboard ya kirikuu, akarudi, akaokota spana.

"Leta gari."

Turbo ya kiwandani imerudi. Boost, ule msukumo wa turbo, inaanza mapema, kilima cha kwetu napanda na gia ya pili nikiongea. Namba imeshuka, mluzi hakuna, na nalala.

Somo langu ni hili. Ukichagua turbo usianze na namba ya juu. Chukua siku moja, endesha kama kawaida yako, angalia mshale unakaa wapi muda mwingi. Hapo ndipo unapoishi, chagua turbo ya hapo. Na fundi akikuambia "taja barabara," ukakosa jibu, rudi nyumbani.

Ile kubwa sijaiuza. Mama alisema niiache. Analiita konokono, anazuilia nalo mlango wa banda la ng'ombe usipigwe na upepo. Kila nikifika analiangalia, ananiangalia, anasema, "Angalau hapa linafanya kazi mapema."

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye turbo kubwa kwenye gari ya kila siku aje aseme anaishi rpm ngapi, na atutajie barabara. Wa kunicheka acheke, nimestahili.

Ila atakayeandika neno baya kuhusu fundi wangu, anitumie na saizi ya shati lake kabisa, vifungo vitaruka.