Sauti ya Kiti cha Nyuma

Nichekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka.

Naishi Tororo, na starehe yangu ni kurusha ndege za kivita kwenye kompyuta. Ndege ni ya watu wawili, ila mimi huruka peke yangu. Kwenye kiti cha nyuma hukaa msaidizi wa akili bandia, anayeninong'oneza masikioni adui alipo.

Jumamosi, mvua ikinyesha, mke wangu Nabwire alikwenda sokoni. Nikafunga mapazia, nikavaa hedifoni, nikaruka nikiwa na kaptula tu. Mara umeme ukakatika. Kompyuta ikazimika, chumba kikawa giza.

Ndipo sauti ikauliza taratibu, nyuma yangu kabisa: "Uko peke yako?"

Mashine imekufa, sasa anayeongea ni nani?

"Wewe ni kompyuta tu," nikasema.

"Nabwire yuko wapi?"

Sikuwahi kuitajia mashine ile jina la mke wangu. Nikainuka, macho nimeyafumba, nikakemea kama mhubiri wa mkutano wa injili: "Shetani, toka! Toka nyumbani kwangu kwa jina la Yesu!"

Nikavua hedifoni, nikageuka polepole.

Mlangoni alisimama mama mkwe wangu, ametoka kwao Majanji kando ya ziwa, ameloa chapachapa, kikapu mkononi, uso kaugeuzia ukutani asione mapaja yangu.

"Basi natoka, baba," akasema kwa upole. "Samaki niache, ama nitoke nao?"